Koloni Haieleweki Kwenye Pleti: Chanzo ni Nini, na Uanzie Wapi

Pleti, yaani sahani ndogo yenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), inapotoka kwenye inkubeta asubuhi inaonyesha mambo matatu kwa pamoja: tabia ya bakteria, jinsi midia (chakula cha bakteria) ilivyotengenezwa, na mkono wa aliyepanda sampuli. Malalamiko mengi yanayorudi tena na tena katika maabara za wilaya na mikoa hutokana na kusoma hilo la kwanza kabla ya kuyachunguza mawili yaliyobaki. Koloni (kundi la bakteria linaloonekana kwa macho) ya waridi kwenye MacConkey, agari ya kutofautisha bakteria wa utumbo, inapewa jina la *Escherichia coli* papo hapo, koloni nyeupe kwenye agari ya damu inaitwa uchafu na kutupwa, halafu daktari anaandika dawa kwa kufuata karatasi hiyo ya majibu. Koloni hukupa mshukiwa. Jina hutolewa na Gram (rangi inayowagawa bakteria kuwa wa zambarau, yaani chanya, na wekundu, yaani hasi, chini ya darubini) pamoja na vipimo vya kemia.

Dalili zilizo hapa chini ndizo zinazoripotiwa zaidi. Kwa kila moja nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, kisha vile vya nadra. Usiruke ukaguzi rahisi kwa sababu unaonekana wa kitoto. Ndio unaotatua zaidi ya nusu ya mambo.

Ukaguzi wa kwanza, dalili iwe yoyote

Kwanza, tafuta pleti ya bechi ileile ambayo haikupandwa kitu lakini ililala kwenye inkubeta usiku mzima. Kama haipo, anza kuiweka leo. Pili, angalia bechi hiyo ilifanya nini kwa bakteria wanaojulikana: *E. coli* ATCC 25922, *Staphylococcus aureus* ATCC 25923 na *Pseudomonas aeruginosa* ATCC 27853 ndio wa kawaida (ATCC ni hifadhi ya Marekani ya bakteria wa kupimia). Tatu, soma kipimajoto cha inkubeta chenyewe, kisha daftari lake. Inatakiwa iwe 35 hadi 37°C, na pleti iwe imekaa saa 18 hadi 24. Nne, isome pleti kwa mwanga wa aina mbili: wa kuakisi, ukiinamisha pleti ili uone umbo, kingo na mng'ao, na wa kupenya, ukiinua pleti mbele ya taa ili uone hemolisisi (kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu). Watu wengi husoma kwa mwanga mmoja tu, na nusu ya habari inawapita.

Usinuse pleti. Ni kweli *Pseudomonas* ana harufu ya zabibu na *Proteus* ananuka vibaya, na wazee wa kazi waliwatambua hivyo. Lakini pua yako haijui mapema kama kilichomo ni *Brucella*, bakteria hatari anayeambukiza kwa kuvutwa puani.

Dalili: hakuna kilichoota, na mgonjwa anaumwa

Chanzo cha kwanza karibu kila mahali ni dawa. Mgonjwa amepitia duka la dawa, amemeza siprofloksasini au amoksilini kwa siku mbili, ndipo akaja hospitali. Uliza, au rudisha fomu ijazwe. Kama Gram ya sampuli yenyewe inaonyesha seli za usaha na bakteria lakini pleti ni tupu, dawa ndiyo mshukiwa mkuu.

Kinachofuata ni umeme. Inkubeta iliyozimika saa 8 usiku na kuwaka saa 12 asubuhi itakuonyesha 37°C ukifika kazini, na hutajua kitu. Weka ndani yake kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu. Pleti ikiwa na shaka, irudishe ndani kwa saa 24 nyingine kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoota.

Kisha tazama lupu, waya wenye kitanzi wa kupandia sampuli. Ukiichoma hadi iwe nyekundu na kuigusisha kwenye sampuli hapohapo, unaua ulichokuja kukitafuta. Ihesabie sekunde 10 au iguse kwenye agari pembeni kwanza. Ikitoa mlio, bado ni ya moto.

Cha nne ni midia isiyofaa kwa bakteria huyo. *Haemophilus influenzae* na *Neisseria gonorrhoeae* hawataota kwenye MacConkey hata ungoje wiki. Maji ya uti wa mgongo yaliyowekwa friji kabla ya kupandwa yanaweza kuwa yamekwisha kuua *Neisseria meningitidis* na *Haemophilus*. Sampuli hiyo hukaa kwenye joto la chumba na hupandwa mara inapofika. Cha nadra zaidi ni bakteria wasiotaka hewa, hasa usaha wa ndani ya tumbo au kwenye fizi. Gram imejaa, pleti ya kawaida ni tupu, usaha unanuka sana. Hapo usiandike kwamba sampuli haina vimelea. Andika ulichoona kwenye Gram, na ueleze kwamba maabara yako haioteshi bakteria wa aina hiyo.

Dalili: kila pleti imeota kitu, hata isiyopandwa

Angalia mahali koloni ilipokaa. Koloni iliyo nje ya mistari ya lupu iliingia kutoka hewani au mkononi. Koloni iliyo ndani ya agari, chini ya uso, iliingia kabla agari haijaganda, maana yake kosa lilitokea jikoni (chumba cha kutengenezea midia) wala halikutokea benchi. Tofauti hii moja hukuokolea siku nzima ya kutafuta.

Zikiwa juu ya uso na zimetawanyika ovyo, washukiwa ni feni na dirisha. Kwenye joto la Tanga au Mombasa kila mtu hutaka feni, na vumbi la kiangazi lina mbegu (spora) za *Bacillus* na kuvu tele. Zima feni, funga dirisha, futa benchi, mimina pleti karibu na moto. Koloni kavu, pana, za kijivu zenye kingo zilizochanika mara nyingi ni *Bacillus* wa vumbini. Zile ndogo za njano iliyokolea mara nyingi ni *Micrococcus*. Za manyoya ni kuvu.

Zikiwa ndani ya agari, rudi kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa presha cha kuulia vijidudu. Vitabu huandika 121°C kwa dakika 15, kwa presha ya pauni 15. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, hewa ya nje ni nyepesi, na mshale wa presha ukisimama kwenye 15 joto la ndani haliifikii 121°C. Inahitajika takriban pauni 18. Mbeya, Eldoret na Iringa wana tatizo hilohilo. Mbegu za *Bacillus* hustahimili upungufu huo wa nyuzi chache, ndiyo maana unaona bakteria yuleyule kila wiki. Fuata kipimajoto, na utumie utepe au vichupa vya majaribio ya mbegu kuthibitisha. Jambo jingine ni hewa ya ndani: kama haikutolewa yote kabla ya kufunga vali, mshale husema uongo hata ukiwa pwani.

Uchafu ukionekana kwenye agari ya damu peke yake huku agari ya kawaida ya siku hiyo ni safi, chanzo ni damu. Otesha tone lake kabla ya kumwaga bechi nyingine.

Dalili: koloni zimetanda, hakuna hata moja iliyojitenga

Maji ndiyo chanzo cha kawaida. Agari iliyomiminwa ikiwa moto sana hutoa jasho kwenye kifuniko, tone linadondoka, na koloni zinaogelea. Mimina ikiwa 45 hadi 50°C, yaani unapoweza kushika chupa kwa mkono bila kuikwepa. Zikishaganda, zikaushe kwenye inkubeta zikiwa zimeinamishwa, kifuniko kikiwa wazi kidogo, kwa nusu saa hivi. Otesha pleti zikiwa chini juu.

Chanzo kinachofuata ni mkono. Watu huchora sehemu ya kwanza, wakaendelea hadi ya nne bila kuchoma lupu katikati. Choma kila unapohama sehemu, na gusa mstari uliotangulia mara moja au mbili tu.

Halafu yupo *Proteus*. Huyu hutanda kwa mawimbi yanayoonekana kabisa, duara baada ya duara, na hufunika kila kitu kwenye agari ya damu. Watu husema pleti imeharibika wakaitupa. Pleti haijaharibika, ila chini ya utando ule anaweza kuwepo bakteria mwingine aliyesababisha ugonjwa. Nenda kwenye MacConkey au CLED (agari itumikayo sana kwa mkojo) ya sampuli hiyohiyo, ambako chumvi za nyongo, au upungufu wa chumvi za kawaida kwa upande wa CLED, humzuia kutanda. Kama huna, tengeneza agari ya damu yenye agari mara mbili ya kawaida na upande upya. Kipimo cha urea kitakuthibitishia: *Proteus* hukigeuza waridi ndani ya saa chache.

Kuna agari laini pia, inayochanika lupu ikipita. Sababu zake, kwa mpangilio: unga ulipimwa kidogo, unga haukuchemshwa ukayeyuka wote kabla ya otoklevu, midia ilipikwa mara mbili, au unga ulivuta unyevu koponi. Unga ulioganda mabonge mwambao huu ni jambo la kila siku. Kopo lifungwe kabisa mara unapomaliza kupima, liandikwe tarehe ya kufunguliwa, na mabonge magumu yatupwe bila huruma.

Hapa ninaacha njia kidogo. Kabla ya agari maabara ya Robert Koch, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya bakteria, ilitumia jelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto la mwili na bakteria wengi huila. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti wa Koch, ndiye aliyependekeza agari aliyokuwa akiitumia jikoni kwake. Agari huganda karibu 32 hadi 40°C na haiyeyuki tena hadi karibu 85°C, na sifa hiyo moja ndiyo inayotuwezesha kuotesha kwa 37°C. Inatoka kwenye mwani, ingawa si huu unaolimwa Unguja na Pemba: wetu hutoa karajinani (kigandishi kingine), na agari hutoka hasa kwa *Gelidium* na *Gracilaria*.

Dalili: rangi kwenye MacConkey haieleweki

Hii ndiyo dalili inayozaa majibu mengi ya makosa, kwa hiyo ipewe muda.

MacConkey ina laktosi na rangi ya neutro nyekundu. Bakteria anayekula laktosi hutoa asidi, na koloni yake huwa waridi hadi nyekundu. Asiyeila hubaki bila rangi, wa rangi ya agari yenyewe. *E. coli* wa kawaida ni waridi, mkavu kidogo, mara nyingi akiwa na ukungu wa waridi kwenye agari inayomzunguka kwa sababu chumvi za nyongo zimeganda. *Klebsiella* ni waridi, mkubwa, mwenye ute. *Salmonella*, *Shigella*, *Proteus* na *Pseudomonas* hawana rangi. Mpaka hapa ni rahisi.

Matatizo huanza pleti ikikaa muda mrefu. Ikizidi saa 24, rangi ya koloni za waridi husambaa kwenye agari na koloni zisizo na rangi zilizo jirani huonekana kama za waridi hafifu. Soma koloni iliyo mbali na msongamano. Ukiona waridi hafifu tu kwenye kundi zito, hiyo si habari ya kutegemewa.

Chanzo cha pili ni wale wanaochelewa. *Shigella sonnei*, *Serratia* na *Citrobacter* huweza kuanza bila rangi na kuwa waridi siku ya pili. Tena wapo *E. coli* ambao hawali laktosi kabisa. Kwa hiyo mkojo wenye koloni isiyo na rangi haimaanishi *Salmonella*, na hauondoi *E. coli*. Fanya kipimo cha indoli: *E. coli* hutoa pete nyekundu, *Klebsiella pneumoniae* haitoi. Koloni ya kipimo hicho itoke kwenye agari ya damu au ya kawaida, kwa sababu rangi ya MacConkey yenyewe inaweza kukudanganya. Koloni ya kipimo cha oksidesi (kimeng'enya kinachogeuza rangi ya kitendanishi) nayo usiichukue kutoka MacConkey.

Chanzo cha tatu ni midia. Pleti zote zikiwa na wekundu mno kabla ya kupandwa, pH imeshuka; zikiwa za njano-kahawia, imepanda. Kama *S. aureus* wa majaribio ameota vizuri kwenye MacConkey yako, chumvi za nyongo hazitoshi au unga umeharibika, na bechi nzima haifai. *Enterococcus* ndiye wa kawaida anayeweza kupenya, akatoa vikoloni vidogo sana vyekundu. Gram itamfichua mara moja.

Kuhusu mkojo hasa: hesabu kabla ya kutaja jina. Kwa lupu ya mikrolita 1, koloni 100 ni sawa na 100,000 kwa mililita, kiwango kinachotumika sana kuthibitisha maambukizi. Pleti yenye aina tatu au zaidi za koloni karibu kila mara ni mkojo uliokusanywa vibaya au uliokaa kwenye joto. Omba mwingine. Kumtambua kila mmoja katika mchanganyiko huo ni kupoteza vitendanishi na kumpa daktari majina yasiyo na maana.

Dalili: hemolisisi haionekani, au ipo kila mahali

Swali la kwanza: damu ilitoka wapi? Maabara nyingi hutumia chupa za benki ya damu zilizokwisha muda. Naelewa sababu, lakini napinga. Damu ya binadamu ina sitreti ya kuzuia kuganda, huenda ina kingamwili au mabaki ya dawa, na inabeba hatari ya virusi vya homa ya ini na UKIMWI kwa anayeimimina. Hemolisisi yake pia hupotosha: *Enterococcus* kadhaa huvunja damu ya binadamu lakini hawavunji ya kondoo, nawe ukamwita *Streptococcus* wa hatari. Damu ya kondoo, ikitikiswa na shanga za kioo ili isigande, asilimia 5, ndiyo inayolingana na maelezo ya vitabu. Kondoo mmoja anayetunzwa vizuri na kutolewa damu kwa zamu huweza kuihudumia hospitali.

Pleti zote zikiwa na wekundu uliofifia na mng'ao hata kabla ya kupandwa, damu iliongezwa agari ikiwa moto mno, au imezeeka friji.

Damu ikiwa nzuri, inua pleti mbele ya taa. Uwazi kamili kuzunguka koloni ndogo sana za kijivu: fikiria *Streptococcus pyogenes*. Choma agari kwa lupu mara mbili tatu unapopanda sampuli ya koo, kwa sababu kimojawapo cha vimeng'enya vyake hufanya kazi pasipo hewa, na hemolisisi huonekana vizuri zaidi ndani ya kile kichomo. Uwazi mwembamba, karibu uishie chini ya koloni: fikiria *Streptococcus agalactiae*, hasa kwa mtoto mchanga, lakini fanya kipimo cha katalesi (tone la peroksidi ya hidrojeni juu ya koloni) na Gram kwa sababu *Listeria* hufanana naye. *Listeria* ni kijiti na katalesi yake hutoa povu.

Rangi ya kijani ndipo watu wanapokwama. *Streptococcus pneumoniae* na streptokoki wa kawaida wa mdomoni wote ni kijani. Pneumokoki mchanga ni bonge la mviringo lenye ute. Akizeeka katikati hubonyea kama kete ya drafti. Usitoe jina kwa umbo hilo peke yake. Weka kidonge cha optochini (dawa inayomzuia pneumokoki) na uoteshe penye kaboni dayoksaidi: kwa kidonge cha milimita 6, duara lisiloota kitu la milimita 14 au zaidi linamthibitisha. Duara dogo kuliko hapo linahitaji kipimo cha kuyeyuka kwenye nyongo.

Katalesi kutoka kwenye agari ya damu huleta povu la uongo ukikwangua agari pamoja na koloni, maana chembe za damu zenyewe hutoa povu. Gusa kilele cha koloni tu, kwa kijiti cha mbao.

Na koloni ya dhahabu yenye hemolisisi? Huenda ni *S. aureus*, lakini rangi ya dhahabu huchelewa na wengine hawaitoi kabisa. Agari ya manitoli yenye chumvi asilimia 7.5 ikigeuka njano huongeza shaka, ila haimalizi kesi: *Staphylococcus saprophyticus* wengi pia huigeuza. Koagulesi ya mirija (kipimo cha kugandisha plazma), isomwe baada ya saa 4 na tena baada ya 24, ndiyo inayoamua.

Dalili: vikoloni vidogo mno, au vinaota kwenye agari ya chokoleti (agari ya damu iliyopashwa moto) tu

Mara nyingi kinachokosekana ni kaboni dayoksaidi. Debe au chupa yenye mfuniko mzuri, mshumaa mweupe usio na manukato na karatasi iliyoloweshwa vinatosha. Mshumaa ukizimika umeacha takriban asilimia 3. Kisha tazama rangi ya chokoleti yenyewe. Damu hupashwa kwa 75 hadi 80°C mpaka iwe kahawia. Ikipikwa kupita kiasi, kirutubisho cha V ambacho *Haemophilus* anakihitaji huharibika, na pleti inabaki nzuri kwa macho tu.

Ukiona kwenye agari ya damu vikoloni vya umande vilivyokusanyika kando ya *Staphylococcus* na si kwingine, umempata *Haemophilus*: anakula kirutubisho ambacho jirani anakitoa. Gram itaonyesha vijiti vifupi vyekundu hafifu.

Vikoloni vidogo vya siku ya pili au ya tatu kutoka kwenye chupa ya damu, Gram ikiwa na vichembe vyekundu hafifu sana, usiendelee. Nenda sehemu ya mwisho.

Dalili: TCBS ina koloni za njano, je, ni kipindupindu?

*Vibrio cholerae*, bakteria wa kipindupindu, kwenye TCBS (agari ya kuwatafuta Vibrio) ni wa njano, laini, milimita 2 hadi 4, kwa sababu anakula sukrosi. *Vibrio parahaemolyticus* ni kijani-samawati. Makosa yanayorudiwa ni haya. TCBS iliingizwa kwenye otoklevu. Haitakiwi, huchemshwa tu. Pleti ilisomwa baada ya kukaa friji, na njano ikageuka kijani. Au vikoloni vidogo vya njano vya *Enterococcus* na baadhi ya *Proteus* na *Aeromonas* viliitwa Vibrio.

Hamisha koloni kwenye agari ya kawaida isiyo na sukari kabla ya kitu kingine. Oksidesi na antisera (seramu za kutambua aina ya bakteria) zikifanywa moja kwa moja kutoka TCBS hutoa majibu ya kupotosha. Oksidesi ikiwa chanya, changanya koloni na sodiamu deoksikoleti asilimia 0.5: Vibrio huvutika kama uzi lupu ikiinuliwa. Kisha antisera za O1 na O139.

Kama sampuli ilichelewa njiani, kutoota hakumaanishi hakuna. Kinyesi kisafirishwe kwenye Cary-Blair, na kipitishwe kwenye maji ya peptoni yenye alkali kwa saa 6 hadi 8. Mgonjwa anayeharisha maji kama ya mchele anapewa maji ya chumvi na sukari sasa hivi, hangojei pleti.

Dalili: vitovu vyeusi kwenye XLD au SS

XLD na SS ni agari za kutafuta *Salmonella* na *Shigella*. Weusi hutokana na gesi ya salfidi ya hidrojeni. *Salmonella* wengi huonyesha koloni nyekundu yenye kitovu cheusi, lakini *Proteus* na *Citrobacter* huiga, na *Salmonella* Typhi huweza kutoa weusi kidogo sana au asitoe siku ya kwanza. Anayetafuta homa ya matumbo kwa kungoja weusi atamkosa yuleyule aliyekuwa akimtafuta. Urea kwanza: ikigeuka waridi upesi, ni *Proteus*, na umeokoa antisera ya bei ghali. XLD na SS nazo haziingii otoklevu, na zikichemshwa kupita kiasi huganda vipande na rangi huharibika.

Dalili: koloni inasema hiki, Gram inasema kingine

Umri ndio chanzo kikubwa. Koloni ya siku mbili tatu hupoteza zambarau, na *Bacillus* mzee huonekana mwekundu kabisa. Tumia koloni ya saa 18 hadi 24. Kisha asetoni iliyokaa muda mrefu, kisha koloni mbili zilizochanganyika. Kipimo cha haraka: changanya koloni na KOH asilimia 3 kwenye kioo, bakteria hasi wa Gram huvutika kama ute ndani ya dakika moja, chanya hawavutiki. *Acinetobacter* hupenda kubaki na zambarau, na hapa KOH husaidia sana.

Oksidesi: soma ndani ya sekunde 10, na usitumie lupu ya nikromu, maana chuma hicho chenyewe hugeuza rangi. Mbao au platinamu.

Simama hapa

Ukiona lolote kati ya haya, funga pleti kwa utepe, acha kuifungua kwenye benchi, mwite mkuu wa maabara, na wasiliana na maabara ya rufaa au ya taifa:

- Vikoloni vidogo vinavyochelewa kutoka kwenye damu au uboho, Gram ikiwa na vichembe hafifu kama mchanga, oksidesi na urea chanya, mgonjwa akiwa mfugaji, mchinjaji au mnywaji wa maziwa mabichi. Huyo ni *Brucella* hadi ithibitishwe vinginevyo. Povu la katalesi hurusha matone hewani, na vifaa vya utambuzi vya kununuliwa huweza kumpa jina la bakteria asiye hatari.
- Koloni kubwa za kijivu zisizo na hemolisisi, uso kama kioo kilichokwaruzwa, kingo zenye mikia, zinazosimama wima lupu ikizivuta. Gram ni vijiti vikubwa vya zambarau kwenye minyororo. Kidonda cheusi kisichouma kwa mtu aliyechuna mzoga hukamilisha shaka ya kimeta, ambacho maeneo ya Ngorongoro na jirani wanakijua vizuri.
- Vikoloni vidogo saa 24 vinavyoongezeka saa 48, vijiti vyekundu vilivyokolea ncha zote mbili, usaha ukitoka kwenye mtoki. Lushoto ilipata tauni tangu 1980, na Ituri (Kongo) na Madagaska bado wanaijua.
- Koloni kavu, za rangi ya krimu, zilizokunjamana kwenye Löwenstein-Jensen baada ya wiki tatu au zaidi. Hizo hufunguliwa kwenye maabara ya kifua kikuu pekee.

*Neisseria meningitidis* hufanyiwa kazi ndani ya kabineti ya usalama. Kama huna kabineti, peleka.

Kwenye fomu ya rufaa andika sampuli ilikotoka, kazi ya mgonjwa, dawa alizokwisha meza, tarehe ya kupanda, ulichoona kwa kila midia na Gram yake. Fungasha kwa tabaka tatu. Kisha orodhesha kila mtu aliyefungua pleti hiyo au aliyekuwa chumbani ilipofunguliwa, kwa sababu akithibitishwa *Brucella* watu hao hufuatiliwa kwa dalili na kwa damu hadi wiki 24.